Kichwa cha Ambakisye

Miaka hiyo, msanii akifariki, msanii mwenzake alitakiwa kumtengenezea mjane kichwa cha shaba kinachoongea. Sauti ilikuwa ya marehemu, ila kumbukumbu zote zilitoka kwa aliyekitengeneza.

Tusekile aliletewa cha mumewe, Ambakisye, kazi ya Gwakisa, rafiki yao wa tangu ujana. Alikiweka mezani karibu na dirisha. Kila asubuhi kilimsalimia, kikalalamikia baridi ya Tukuyu, kikamchekesha mpaka nyumba ikachangamka tena.

Jumamosi moja alikuwa akimenya viazi, kikasema, "Siku ya harusi yetu ulitoka uani ukalia peke yako. Nilitamani nikufute machozi."

Kisu kikamponyoka. Saa hiyo Ambakisye alikuwa ndani na wageni. Aliyepita uani akamwona, kisha akaenda zake bila neno, ni Gwakisa.

Mchana Gwakisa akaja kukikagua kichwa. "Kinasemaje, shemeji? Kama kinakosea, nikirekebishe."

"Hakikosei," Tusekile alijibu, akijishughulisha na vikombe. "Kiache kama kilivyo."

Gwakisa alikunywa chai yake, akaaga. Alipofika mlangoni, sauti ya Ambakisye ikaita kwa upole kutoka mezani: "Tuse, msindikize mgeni."

Tusekile akamtazama Gwakisa, naye Gwakisa akaviangalia viatu vyake. Kisha Tusekile akajitanda khanga, akatoka naye, asithubutu kugeuka kukitazama kile kichwa machoni.