Gari Lisilo na Pa Kushika

Itangazwe kwa wakazi wote wa Mpanda, wenye magari na waenda kwa miguu, kwamba zama za kuvuta kitasa cha gari zimekwisha. Ndivyo alivyotangaza Yasser, muuza mabati, siku gari lake jipya la umeme lilipowasili mjini. Liliwasili juu ya lori, kwa sababu betri yake isingelifikisha.

Vitasa vyake vilizama ndani ya milango, usione hata pa kuingiza ukucha. Mwenye rimoti akikaribia, vinatokeza vyenyewe. Rimoti haichomekwi popote. Ikiwa ndani ya gari, unabonyeza kitufe na gari linaondoka. Yasser alisema unaweza hata kusahau kwamba unayo.

Wiki mbili baadaye, saa sita na robo mchana, Yasser alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi la Ilembo, akiukwangua mlango huo kwa kucha. Ndani alikuwamo mama yake, Bi Sikuzani, mwenye miaka sabini na sita. Vioo vyote vilikuwa vimefungwa. Jua la Oktoba lilikuwa limesimama juu ya paa.

Alikuwa amemleta kuuza shamba. Ekari tatu za mahindi, nyumba ya tofali za kuchoma, na kaburi la marehemu mumewe nyuma ya nyumba. Karatasi zilikuwa tayari, mwenyekiti wa mtaa na mhuri wake alikuwepo, na mnunuzi, bwana mmoja aitwaye Salvator, alikuwepo. Kilichobaki ni dole gumba la Bi Sikuzani tu, maana shamba ni la kwake. Yasser alitaka mama ahamie mjini, karibu na hospitali. Mama alipoulizwa alinyamaza, na Yasser akakihesabu kimya hicho kuwa ndiyo. Salvator naye alikuwa ameshasema: ikifika saa saba anakwenda Kibaoni kununua shamba jingine, na hatarudi.

Asubuhi ya siku hiyo, nyumbani kwa Yasser mjini, alikokuwa amelala mama, mambo yalikwenda vizuri. Hadia, binti wa Yasser aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni, alimvalisha bibi yake khanga mpya na kumshika mkono hadi kwenye gari. Vitasa vilitokeza mara moja, kama watu wanaoinuka kumpisha mzee. Yasser alikuwa bado sebuleni anatafuta kiatu.

Walipofika Ilembo, Yasser na binti yake walishuka kwanza kumsalimia mnunuzi. Nyuma yao gari likalia tii, vitasa vikazama. Yasser akapapasa mfuko wa kushoto, wa kulia, wa shati. Rimoti haikuwepo. Wakasaka kwenye nyasi, wakasaka njiani, mwenyekiti naye akainama na suti yake. Hakuna.

"Mama, bonyeza kitufe cha mlangoni," Yasser aliita, mdomo kwenye kioo.

Bi Sikuzani aliweka kiganja sikioni, akatikisa kichwa.

Yasser akamgeukia binti yake. "Si ulimwonyesha vitufe, wewe?"

"Nilimwonyesha, baba. Jana kutwa nzima. Bibi anasahau."

Fundi Leodgar aliletwa kwa bodaboda, na waya wake uliokwisha kufungua nusu ya magari ya mkoa. Alizunguka mara mbili, hakuona pa kuupitisha. Akalala chini kuchungulia uvungu, akainuka na sura nyingine.

"Linadondosha maji," alisema. "Humo ndani kuna kitu kimepasuka kwa joto."

Gari lenyewe lilikuwa kimya. Lakini lilikuwa kimya hata likitembea.

Nyuma ya kioo cheusi, Bi Sikuzani alijifunika khanga ya pili kuanzia kichwani hadi mabegani. Midomo yake ikaanza kucheza. Wanawake wa jirani wakasema anatoa shahada, na mmoja akaanza kulia.

Malale, mfugaji wa shamba la pili, alikuwa amewaacha ng'ombe wake barabarani ili aje kutazama. Akaokota jiwe. "Kioo kimoja tu, Yasser."

Hadia alikumbusha, kwa heshima zote, kwamba kioo kile huagizwa Uchina na huchukua miezi mitatu. Yasser akasita. Dakika zikaenda. Salvator akatazama saa yake, akampa mkono mwenyekiti, akampa pole Yasser, akapanda bodaboda. Ilikuwa saa saba na dakika tatu.

Yasser hakugeuka hata kumtazama. Alimnyang'anya Malale lile jiwe.

"Wewe baki na kioo," alimwambia Hadia. "Mimi namtaka mama yangu."

Akalinyanyua kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka. Gari likalia tii. Vitasa vinne vikatokeza kwa pamoja.

Bi Sikuzani alishuka akitetemeka mwili mzima. Watu wakamkimbilia na ndoo ya maji wammwagie.

"Mkinimwagia hayo mtaniua," alisema. "Nileteeni chai. Humo ndani baridi kama Sumbawanga."

Alisimama akitazama vumbi la bodaboda mpaka likatulia. Kisha akafungua fundo kwenye pindo la khanga yake, akatoa rimoti na kumkabidhi mwanawe.

Yasser aliigeuzageuza kiganjani. Halafu akaanza kupitisha macho kwenye nyuso za watu, mmoja mmoja, bila haraka. Kujificha nyuma ya Malale hakukusaidia kitu, kwa hiyo nakiri: Hadia ni mimi, na fundo lile la khanga nililifunga mwenyewe.