Sweta ya Mama

Mama aliinama kumfunga mwanawe vifungo vya sweta, kama alivyomfunga miaka yote kabla hajamleta kuishi kwenye makao haya ya watu wenye ulemavu wa akili. Mwana, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, akamzuia mkono.

"Mwenyewe," alisema.

Akafunga polepole, ulimi nje, mpaka cha mwisho. Mlezi aliyemfundisha alitabasamu mlangoni. Mama naye akatabasamu.

Kisha mwana akaigeukia sweta ya mama, akaanza kumfunga yeye. Tundu moja akaliruka, upande mmoja ukapanda shingoni.

"Mama, vifungo vimepishana," mlezi alimnong'oneza getini. "Nikurekebishie?"

"Thubutu! Ukigusa tu, tutakosana," alisema mama, akaikumbatia sweta yake kwa mikono miwili.