Ukuta wa Tsvetana

"Mzee, lete ule ufunguo wa kabati la mabomba ya jengo unaoutunza," alisema mlangoni kwangu fundi wa kampuni inayoleta joto majumbani kwa mabomba ya maji moto. "Namkatia joto jirani yako Tsvetana. Hajalipa tangu vuli."

Nilikaribia kumbusu. Mabomba yangu yalikatwa mwaka jana kwa deni kama hilo. Tangu hapo wivu umenila hadi mifupa: jiji zima la Sofia limeganda kwa baridi, yeye yuko dirishani na kigauni cha mikono mifupi, analamba aiskrimu! Kumbe naye halipi!

"Kata, mwanangu! Kata hadi mzizi!"

Niliingia ndani kuchukua ufunguo. Paka wangu alikuwa amelala palepale alipolala majira yote ya baridi, amejibana kwenye ukuta unaotenga chumba changu na cha Tsvetana. Kando yake kiti changu. Juu ya kiti, donge langu la unga wa mkate lilikuwa limeumuka hadi limevua kifuniko cha sufuria.

Niliweka kiganja ukutani. Ulikuwa na joto la shavu la mtoto aliyetoka usingizini.

"Mzee, umeupata?"

Niliuzamisha ufunguo katikati ya donge.

"Umepotea, mwanangu. Ila hebu niambie, huyo malkia anadaiwa kiasi gani?"