Duara Lisilopanda

Jiwe la kwanza lilikuwa limekubali. Mume wa Masika alilitupa mtoni, duara la mawimbi likatanuka, na upande wake wa juu ukapanda kuukabili mkondo mpaka kwenye matete. Hivyo ndivyo watu wa kijiji chao wanavyoupima mto: duara likipanda, maji yanavukika kwa miguu.

"Mi navuka na mutoto kwanza," alimwambia. "Kisha nitarudi kukuchukua. Usipige kelele, mama. Wale wenye bunduki wako hapa hapa barabarani."

Sasa alikuwa katikati, maji kiunoni, binti yao mabegani. Ng'ambo kulikuwa na njia ya miguu iendayo Goma.

Ngurumo zilisikika mlimani tangu asubuhi, na si zote zilikuwa za mizinga. Masika akaokota jiwe, akalitupa karibu na ukingo, ili moyo utulie tu.

Duara likafunguka. Vijiwimbi vya upande wa juu vilijaribu kupanda, vikabanana, vikainuka vyembamba kama mikunjo ya kitenge, vikasimama palepale. Halafu mto ukavisukuma vyote chini.

Akatupa lingine. Duara lake halikupanda hata upana wa kidole.

Mumewe alikuwa amebakiza hatua kumi, na kilindi ndicho kilichokuwa mbele yake. Bado angeweza kurudi, kama angeambiwa sasa. Hakugeuka.

Nyuma ya migomba, upande wa barabara, mtu alikohoa.

Masika akajaza pumzi kifuani, akafumbua kinywa.