Breki ya Bunduki ya Mumbua

Mumbua alishuka kwenye bodaboda pale Mbumbuni akiwa amevaa suruali ya marehemu mumewe, kofia ya marehemu mumewe, na bunduki begani. Hakuna aliyeshtuka. Nyani wa milima ya Mbooni hawamwogopi mwanamke, hilo hata mtoto analijua, na mama mwenye shamba la mahindi huvaa kiume msimu mzima bila kuulizwa.

Alienda moja kwa moja kwenye kibanda cha fundi Kivuva, akaiweka bunduki mezani.

"Nataka uiwekee breki."

Kivuva akainua macho. "Breki gani tena, mama?"

"Kile kitu cha mdomoni chenye matundu. Kama cha askari wa wanyamapori."

Sasa, kuna watu ambao hawawezi kusikia neno bunduki wakatulia. Githaiga, mwenye duka la misumari na mabati hapo mkabala, aliwahi kuwa jeshini kabla ya kutoka Nyeri kuja kufanya biashara, na jeshi halikuwahi kumtoka. Alivuka barabara na kikombe chake cha chai mkononi. Bunduki hakuigusa, silaha ya mtu haishikwi, hiyo ni nidhamu.

"Mama Kasyoka, usimsumbue fundi bure," alisema. "Breki ni ya bunduki kubwa. Inatoa moshi kando ili isikupige teke begani. Hii yako ni ndogo, ya kufukuzia kindi na sungura. Ina teke gani? Imewahi kukuumiza?"

"Haijawahi," Mumbua alikubali.

"Basi! Utapata nini? Kelele zaidi masikioni na vumbi machoni. Tena itakuwa ndefu huko mbele bila sababu."

"Iwe ndefu. Ndiyo nataka."

Githaiga akashika kichwa. Haki, alisema, nchi hii imekwisha.

Mumbua naye alikuwa na yake, na hakuyasema kwa upole. Msimu uliopita alivuna mabua. Binti yake Kasyoka alikuwa amemtafutia chumba kule Makindu, eti mama aje apumzike, na kupumzika huko Mumbua alikujua: ni kukaa kitandani ukisikiliza malori ya Mombasa mpaka ufe. "Mahindi yakiliwa tena, nahama," alikuwa ametamka kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya ukoo mzima. Na sasa mahindi yalikuwa yamefika kuchomwa.

Mwanzoni bunduki hii ilifanya kazi vizuri tu. Akiiinua, nyani wanatoroka. Kisha mwezi uliopita askari wa wanyama wakaja na yao, yenye breki, wakapiga moja hewani. Nyani walikimbia kana kwamba hawatasimama mpaka wavuke Kitui. Waliporudi, walikuwa wameelimika. Juzi Mumbua aliweka kitako begani, akalilenga lile dume kubwa. Dume likamtazama, likautazama ule mdomo mtupu wa bunduki, likajikuna kwapa, likavunja hindi lingine. Dharau hiyo ilimuuma kuliko hata yale mahindi.

"Ulilenga vibaya," Githaiga alisema.

"Nililenga moyo!"

Naibu chifu Kiilu, aliyekuwa akipita, alisimama kuona kelele ni za nini. Aliichukua bunduki, akaipima uzito mkononi, akafumba jicho moja na kuangalia mbele. Habari za leseni hazikumjia kabisa.

"Mimi naona breki itaipendeza," alisema, akairudisha mezani na kuendelea na safari yake.

Nusura Githaiga amwage chai. Alirudi dukani kwake asije akaona aibu hiyo ikitendeka. Kivuva, ambaye hakupenda ubishi, alipasha msumari kwenye jiko mpaka ukawa mwekundu, akatoboa matundu kwenye kipande kifupi, akaigundisha breki hiyo mdomoni, akaipiga msasa na kuipaka rangi nyeusi.

Asubuhi iliyofuata walikuwa watatu ukingoni mwa shamba, wamechuchumaa. Fundi alikuja kuona kazi yake. Githaiga alikuja kuona ikishindwa.

Nyani waliteremka kutoka kwenye majabali, dume mbele, likitembea kama ndilo lililopalilia. Mumbua akasimama. Aliiona Makindu, akayasikia malori. Akaweka kitako begani, akalenga.

Dume likasimama. Likainamisha kichwa kulia, likainamisha kushoto. Likayaona matundu. Kisha likabweka mara moja tu, na kundi zima likageuka, akina mama na watoto migongoni, likapanda mlima bila kutazama nyuma.

"Woi! Woi!" Mumbua aliruka mpaka suruali ikataka kumvuka. "Kasyoka akalale mwenyewe kwenye hicho chumba chake!"

"Lakini hujafyatua!" Githaiga alifoka. "Breki haijafanya kazi yoyote hapo! Breki hufanya kazi risasi ikitoka!"

"Mzee, mahindi yako wapi?"

Githaiga akayatazama. "Yako hapo."

"Basi imefanya."

Githaiga alienda zake mpaka barabarani akiongea peke yake, akirusha mikono, akirudia kwamba bunduki ndogo haina teke na kwamba hata nyani wa huku hawajui silaha. Mumbua alimcheka mpaka akapotea kwenye kona.

Kivuva aliichukua bunduki, akaipangusa umande kwa shati lake, akaigeuza kuona kama rangi imeshika.

"Lakini hii usiilaze chini, mama," alisema. "Ile niliyokuchongea mwaka jana mchwa waliimaliza yote, na walianzia kwenye mtutu."