Uji wa Mzazi

Siku hizi kila aliyetimiza miaka hamsini hunywa ile dawa ya majani ya kupunguza unene. Seli ya mafuta ikifunguka, mafuta yake hutoka kwa jasho yakinukia chakula kilichoyaleta, ya juzi kwanza, ya zamani mwisho. Tumezoea. Jirani akinukia chipsi, unampa hongera unapita zako.

Wiki ya kwanza nilinukia maandazi, nikacheka. Mwezi wa tatu ikaja pilau ya harusi za watu walioachana zamani. Leo asubuhi, nikichambua mchele na mdogo wangu Mwanakombo, jasho likanitoka na harufu ya uji wa pilipili manga na samli.

Uji ule hupikiwa mzazi tu, ndani ya siku arubaini baada ya kujifungua, ili maziwa yajae. Miaka thelathini iliyopita mama aliupika kila siku, nami ndiye niliyempelekea Mwanakombo. Njiani nilikunywa nusu, nikajazia maji. Maziwa yake yakakauka. Mwanawe akapelekwa kunyonyeshwa na wifi yake Mwanakombo, na mpaka leo mtoto humwita wifi huyo mama. Mwanakombo amekilaumu kifua chake maisha yake yote, na mfariji wake ni mimi.

Akaacha kuchambua. Akanusa.

"Dada," akasema polepole, "wewe hujawahi kuzaa."

Akainuka, akafunga madirisha yote ili majirani wasisikie ile harufu, kisha akarudi kwenye mchele wake.

Nilitamani angeyaacha wazi.