Mkurugenzi wa Nne

Mlango wa ofisi ya mkurugenzi ulikuwa na alama za gundi za vibao vitatu, na jina hakuna. Mkurugenzi wa kwanza alikaa miezi tisa. Wa pili, minne. Wa tatu, Hervé, aliondoka Ijumaa bila hata kuchukua kikombe chake. Na hiyo ndiyo idara ya serikali iliyopewa kazi ya kulinda mitandao ya hospitali dhidi ya wadukuzi.

Wadukuzi nao hawakulala. Jumamosi walizima tovuti za manispaa tatu za Brussels. Jumapili wakatangaza kwamba Jumatatu ni zamu ya hospitali.

Jumatatu hiyo Hamissi alifika kazini macho mekundu. Yeye alikuwa fundi tu, tena wa mkataba, lakini wenzake wote walikuwa wametumwa kwenye manispaa zilizozimwa. Neno la siri la faili za wagonjwa lilikuwa kichwani mwake peke yake. Mkataba wenyewe ulikuwa unakwisha Ijumaa iliyofuata. Wakurugenzi watatu walimwahidi kuusaini upya, na wote watatu waliondoka na kalamu zao.

Akitokea kituo cha metro cha Porte de Namur, alimkuta mzee mmoja mbele ya jengo, koti refu, mkoba wa ngozi, anatazama juu kama mtu anayehesabu ghorofa. Mzee akatupa jicho kwenye kadi iliyoning'inia kifuani mwa Hamissi.

"Weye ni Hamissi? Bon. Mi ni Donat Kabeya. Donc, njo leo naanza."

Hamissi nusura amkumbatie. Magazeti yalikuwa yametaja jina tu, bila picha, na kusema wazazi wa mkurugenzi mpya wanatoka Lubumbashi, Kongo. Kule Galerie d'Ixelles, kwenye maduka ya Wakongo, saluni zote zilishinda wikiendi nzima zikimzungumzia: mtu wetu, kwenye kiti kile. Na sasa mtu wetu alikuwa mbele yake anaongea Kiswahili cha kwao. Kumwomba kitambulisho mtu wa umri wa baba yake? Angeanzia wapi? Alifungua geti kwa kadi yake mwenyewe, na mlinzi akawasalimu wote wawili.

Ghorofani mzee hakupoteza muda, hata koti hakuvua. Aliuliza Hervé ameacha nini.

"Kikombe, papa."

Mzee akacheka kidogo. Akauliza nani mwingine anaweza kuingia kwenye faili za wagonjwa.

"Leo ni mimi tu."

"Peke yako? Aba bantu banakuachia muzigo." Akatikisa kichwa. "Na contrat yako iko namna gani?"

Hamissi akamweleza yote. Mzee akaandika jina lake kwenye daftari, herufi kwa herufi, akasema mkataba atausaini leo leo. Hamissi alifurahi mpaka akaona aibu.

"Alors, fungua, nione hali. Lakini code usinipatie." Mzee akageuza uso dirishani. "Hata mi, usinipatie. Ba hackers banapiga simu, banajifanya chef, mukubwa wa kazi. Unasikia?"

"Ndiyo, papa."

Hamissi akaandika neno la siri, na mzee hakugeuka mpaka alipomaliza. Hervé hakuwahi kuwa na adabu hiyo.

Simu ya mezani ikalia. Alikuwa Karimu, mlinzi wa chini.

"Kaka, kuna mtu hapa anasema yeye ndiye mkurugenzi mpya. Nimpe simu?"

Sauti iliyofuata ilikuwa Kifaransa kitupu, cha haraka. Jina lake Donat Kabeya, kadi bado hajapewa, anaomba afunguliwe mara moja.

"Monsieur," Hamissi akasema, "ongea Kiswahili kidogo."

Yule mtu akajibu, kwa Kifaransa kile kile, kwamba amezaliwa Uccle, hapa hapa Brussels, wazazi hawakumfundisha, na hayo hayahusiani na mlango.

Hamissi akaziba simu kwa kiganja. "Papa, wadukuzi wamefika. Mmoja yuko mlangoni, anatumia jina lako."

Mzee hakushtuka. Huyu sasa ndiye kiongozi, Hamissi akawaza. Wale wengine wangekuwa tayari wanaandika barua ya kujiuzulu.

"Iko na carte d'identité?"

"Anasema anayo."

"Ya uongo, ile ni kazi ya dakika cinq tu. Ambia mulinzi amushike. Kisha weye shuka, umutazame sura, utakuwa témoin, shahidi wangu. Mi nitabaki hapa na simu."

Hamissi akatoa amri kwa Karimu, akainuka. Mkono wake ukaenda kwenye kibodi, kama kanuni inavyotaka: ukiondoka, funga skrini. Ukasita. Kufunga skrini mbele ya mzee aliyekaa papo hapo ni kama kufunika sufuria mgeni anapoingia. Mama yake kule Bujumbura angeona haya kwa niaba yake. Akaiacha wazi.

"Nakuja sasa hivi, papa."

"Enda, mwanangu. Polepole, usianguke."

Alishuka ngazi mbili mbili. Moyo ulimwenda mbio, lakini kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa zilikuwa mbio za furaha. Mdukuzi amekamatwa, na yeye ndiye aliyemkamata. Kwa kazi kama hii, mkataba ungesainiwa kabla ya chakula cha mchana.

Chini, Karimu alikuwa amembana ukutani mwanamume wa miaka arobaini hivi, suti ya kijivu, tai imekwenda upande. Hamissi alikuwa bado anatafuta neno la kumwambia wakati mlango wa kioo ulipofunguka. Hervé akaingia akihema, funguo za gari mkononi, faili la makabidhiano kwapani.

"Pardon, Donat, nimezunguka sana kutafuta pa kuegesha," akamwambia mtu wa ukutani. Kisha akamwona fundi wake, na uso ukambadilika. "Hamissi? Juu amebaki nani?"